Jibu: Kwa nini anayedharau wanawake ndiye anayewapigia kelele mashoga?

Dada, umeuliza kama chuki hizi mbili zina uhusiano ama ni sadfa. Zina uhusiano, na ushahidi umo kwenye neno lenyewe. Hapa Mombasa "shoga" ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mamangu hadi leo humwita jirani juu ya ukuta, "Shoga, una ndimu?" na hakuna anayeshtuka. Akiambiwa mwanamume neno hilohilo, ni ugomvi. Tusi liko wapi? Amefananishwa na mwanamke, basi. Asiyeona uke kuwa udhalili halimchomi.

Nikiwa na miaka kumi hivi nilikuwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Mjomba akapita: "Shuka hapo! Wataka kuwa mwanamke?" Mapenzi sikuyajua hata harufu yake, kosa lilikuwa mbuzi. (Wali wa nazi aliula, tena akaongeza.) Kwa hivyo anayekwambia ni dini tu, muulize ni wapi mvulana amekatazwa kukuna nazi.

Hata kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha vitendo vya kimapenzi vya jinsia moja, urithi wa mkoloni ambao Mahakama Kuu iliuacha palepale mwaka 2019, chataja wanaume peke yao. Usidhani wanawake wanaopendana wamesalimika. Wao huambiwa "hamjapata mwanamume wa kuwatuliza", na wapo wanaobakwa kwa kisingizio hicho, kama kwamba mwanamke hana matamanio yake mpaka mwanamume ayaidhinishe.