NumPy 2 na solve inayogoma

Ndugu wa Mbarara, umeuliza kwa nini np.linalg.solve inagoma kwenye data zako za mvua za vituo 12. Data hazina kosa. NumPy 2.0 (maktaba ya hesabu ya Python), ya mwaka 2024, ndiyo iliyobadilisha jinsi solve, inayotafuta x katika mlinganyo a x = b, inavyosoma b. Zamani, a ikiwa na umbo (12, 3, 3), yaani matrisi 12 za 3 kwa 3, na b ikiwa (12, 3), ilielewa una vekta 12. Sasa b ni vekta ikiwa ina mhimili mmoja tu. Ikizidi hapo ni matrisi, basi inakuta mistari 12 mahali pa 3 na kugoma. Andika hivi:

x = np.linalg.solve(a, b[..., None])[..., 0]

Inakubali kwenye matoleo ya zamani na mapya. Na afadhali imegoma! Vituo vingekuwa 3, maumbo yangelingana, ungepewa jibu la (3, 3, 3) lenye namba zisizo zako bila onyo lolote. Chapisha x.shape kila mara, tafadhali.

Kuhusu kasi: achana na inv(a) @ b (kuzidisha kinyume cha a na b), ina hesabu nyingi zaidi na hupoteza usahihi. Ukiendesha michakato kadhaa kwa pamoja, weka OPENBLAS_NUM_THREADS=1 kabla ya import numpy, ili OpenBLAS (maktaba ya hesabu ambayo NumPy huitumia mara nyingi) itumie uzi (thread) mmoja tu kwa kila mchakato, la sivyo nyuzi zitagombania prosesa.