Mhunzi Avunje, Ila Aniambie Mapema

Swali lenu la wiki lilikuwa: “Katika gemu za RPG za mapigano (zile za kumkuza mhusika wako na zana zake), ni haki mchezo ukuvunjie silaha pale jaribio la kuiboresha linapofeli?” Mimi najibu ndiyo, na nimeshaonja uchungu wake.

Nilikuwa na upanga uliofika +8, yaani ngazi ya nane ya kuboreshwa, katika gemu moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Dirisha la mhunzi liliandika: “Uwezekano wa kufaulu: mkubwa.” Mkubwa kiasi gani, halikusema. Nikabofya. Nyundo ikagonga mara tatu, skrini ikawaka, kisha kijisanduku cha upanga kwenye mkoba kikabaki kitupu. Wiki tatu za kuua mazimwi zikayeyuka kwa sekunde nne. Upanga niliusamehe baada ya siku mbili. Lile neno “mkubwa” sijalisamehe hadi leo.

Wapo wanaodhani mambo haya yameletwa na gemu za simu. Hapana. NetHack, gemu ya tangu 1987, ina hati ya kuimarisha silaha, na ukiisomea silaha iliyokwisha kupita +5, mara mbili kati ya tatu silaha inatoweka. Baadaye gemu za Korea Kusini zikaufanya mtindo huu kuwa uti wa mgongo. Katika Lineage II silaha ni salama hadi +3. Kuanzia hapo jaribio likifeli, silaha inavunjika na unabaki na fuwele tu mkononi. Ragnarok Online iliweka mpaka wa usalama kwa daraja la silaha: la kwanza +7, la nne +4 tu. Kwa hiyo silaha bora ndiyo inayoanza kukutia kiwewe mapema.

Mpaka wa namna hiyo naupenda. Unajua ardhi ngumu inaishia wapi na tope linaanzia wapi. Tatizo ni hesabu tunayoifanya tukishaingia topeni. Chukua hatua tatu, kila moja ikiwa na asilimia 60 ya kufaulu. Mchezaji anaitazama ile 60 iliyo mbele yake na kujiona yuko upande wa bahati, lakini uwezekano wa kuzivuka zote tatu ni asilimia 21.6. Au chukua kitu chenye asilimia 1 kwa kila jaribio. Ukijaribu mara 100, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 37 kwamba hutakipata hata mara moja. “Nimeshafeli mara tisini, sasa zamu yangu imekaribia,” wanasema watu kwenye gumzo la kikosi. Haijakaribia. Mhunzi hakumbuki chochote, labda watengenezaji wawe wamemwekea daftari la kuongeza uwezekano kila unapofeli, na wapo wanaofanya hivyo.

Sasa nije kwenye mfano ninaoutetea. Path of Exile ya mwaka 2013 ina kitu kinaitwa Vaal Orb. Ukikitumia kwenye kifaa, huenda kisibadilike chochote, huenda kikapata sifa ambayo haipatikani kwa njia ya kawaida, huenda matundu yake ya vito yakageuka meupe, na huenda sifa zake zote zikavurugwa ukapata kitu kingine kabisa. Vyovyote itakavyokuwa, baada ya hapo huwezi tena kukirekebisha kwa njia za kawaida. Wengine wanauita ukatili. Mimi naona heshima ndani yake: mtego umewekwa mwisho wa njia, huna haja ya kuupita ili umalize gemu, na mwenye busara hungoja hadi apate nakala ya pili ndipo anaitosa ile ya kwanza. Torchlight ya 2009 ilikuwa na utani wa aina hiyo hiyo: kila ulipoongeza uchawi kwenye kifaa, hatari ya kufutwa uchawi wote ilipanda. Ungeweza kusimama wakati wowote. Hatukusimama, bila shaka, lakini mlango ulikuwa wazi.

Linganisha na Diablo IV ilivyokuwa mwaka 2024, ilipoleta utaratibu wa kuongeza sifa kwa majaribio yenye idadi maalumu. Hakuna kilichovunjika pale. Silaha ilibaki mkononi, inang’aa, ila majaribio yakiisha huku umeangukia sifa usiyoihitaji, wachezaji waliiita tofali, yaani kitu kisicho na kazi tena, na kelele zao zilikuwa kubwa. Kwa nini, ikiwa hakuna kilichopotea? Kwa sababu kila silaha nzuri ililazimika kupita kwenye tundu hilo la sindano. Kamari ya hiari ukiliwa unajicheka mwenyewe. Ya lazima unahisi umeporwa.

Last Epoch ilikwenda upande mwingine. Zamani kifaa chake kingeweza kupasuka ukikifua. Mwaka 2021 wakaondoa hilo, wakaweka akiba ya ufuaji: kila badiliko linakula sehemu ya akiba, nayo ikiisha kifaa hubaki kama kilivyo. Ni busara. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walishaonyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha, na hapa hupotezi, unakosa tu kuendelea. Ila nikiri: moyo wangu haudundi nikiwa pale. Nafua huku nakunywa chai.

Pesa halisi ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Gemu inayovunja silaha yako kwa mkono wa kulia, halafu kwa mkono wa kushoto inakuuzia hati ya kuilinda isivunjike, haina tena sababu ya kutaka ufaulu. Na namba zikifichwa, lolote linawezekana. Januari 2024 mamlaka ya ushindani ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya gemu ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa sababu katika gemu yake ya MapleStory ilikuwa imepunguza uwezekano wa kupata sifa zinazotafutwa sana, tena bila kuwaambia wachezaji waliokuwa wakinunua vijisanduku vya kubahatisha sifa hizo. Machi mwaka huohuo sheria ya nchi hiyo ikaanza kulazimisha uwezekano utangazwe kwa asilimia. Niliposoma habari ile nilimkumbuka mhunzi wangu na “mkubwa” wake.

Siku hizi nacheza gemu nyingine, na mhunzi wa huko anaandika asilimia 45 waziwazi. Upanga wangu uko +6. Wenzangu wa kikosi wananisukuma kila usiku niupeleke. Nimewaambia nitaupeleka siku nikiokota wa pili, na huu ni mwezi wa nne sijauokota.