Jibu: Nani anamlipa nani mitandao inapobebeana trafiki (data inayosafiri)?

Ndugu, umeuliza kama kampuni za intaneti hulipana kila mteja wa moja anapofungua tovuti iliyo kwa nyingine. Hapana, si kama simu, ambako kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya anayepokea kwa kila dakika. Kwenye intaneti, mtandao mdogo humlipa mkubwa aufikishe duniani kote. Hiyo ndiyo tranziti. Mitandao inayolingana hubadilishana trafiki ya wateja wao tu, na mara nyingi hakuna anayemdai mwenzake.

Bili ya tranziti kwa kawaida hupatikana hivi: kila dakika 5 kasi ya trafiki inasomwa, mwisho wa mwezi vipimo vinapangwa, asilimia 5 ya juu inatupwa, na kipimo cha juu kilichobaki ndicho unacholipia. Yaani kama saa 36 za msongamano kwa mwezi zinasamehewa.

Faida ya kubadilishana trafiki ndani ya nchi ilionekana Kenya. Kabla ya KIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana trafiki, barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ya jirani, kama zilitumia kampuni tofauti, ilipanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi, na pande zote mbili zililipia. KIXP ilipoanza mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya ililalamika kwamba inavunja haki yake ya ukiritimba, mdhibiti wa mawasiliano akaifunga. Ilifunguliwa tena 2002. Wananchi walilipishwa bila sababu muda wote huo, na bado inaniuma.

Jaribu amri ya tracert (ya kompyuta za Windows, huonyesha njia ambayo data inapita) kwenda tovuti iliyohifadhiwa nchini mwako. Ikipitia London au Marseille, huenda kuna mtu analipia tranziti isiyo ya lazima.