Kabla ya kuisifu sera ya kilimo, piga hesabu ya kaya

Anayeanza kazi ya kuchambua sera za kilimo hukimbilia takwimu za mavuno ya taifa. Ziweke kando kwanza. Mavuno yanaweza kupanda na umaskini wa vijijini ukabaki palepale, maana kaya za kijijini hazifanani.

Swali la kwanza: kaya hii inauza chakula kingi kuliko inachonunua, au ni kinyume chake? Tuseme familia ya watu 7 imevuna gunia 5 za mahindi, na mahitaji yake ya mwaka ni gunia 8. Mara tu baada ya kuvuna inauza gunia 2 ili kulipa deni na ada. Zinabaki 3, kwa hiyo kabla ya msimu ujao italazimika kununua 5. Serikali ikipandisha bei ya mahindi, familia hii inanufaika kwa gunia 2 na kuumia kwa gunia 5. Kaya nyingi maskini ziko hivi, na nyingine zinaishi kwa vibarua. Basi uliza pia kama ujira wa kibarua umepanda, na baada ya muda gani. Ripoti nyingi hurukia bei na kuusahau ujira, nami naona hapo ndipo zinapopotoka zaidi.

Ruzuku ya mbolea inataka uchambuzi wa karibu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Ikiwa kila kilo ya nitrojeni inaongeza kilo 15 za mahindi, mfuko mmoja unaleta kilo 345. Kwenye udongo uliochoka ongezeko likishuka hadi kilo 8, unapata 184 tu, na huenda mbolea isirudishe gharama yake hata ikiuzwa nusu bei. Penye asidi kali, chokaa na samadi hutangulia. Sera inayogawa mfuko uleule kila mahali bila kupima udongo inamwaga fedha.

Kisha angalia kalenda. Mbolea ya kukuzia huwekwa mahindi yakiwa yamefika magotini. Vocha, yaani hati ya kununulia mbolea ya ruzuku, ikifika yakiwa yameshatoa mbelewele, mkulima ataiuza kwa mlanguzi, na hapo usimlaumu. Chunguza pia nani amepata. Kama kati ya mifuko 100 ya ruzuku, 30 imekwenda kwa waliokuwa wananunua dukani kwa bei kamili, nyongeza halisi ni 70. Malawi ilianza mpango mkubwa wa vocha msimu wa 2005/06. Bei ya mbolea duniani ilipopaa mwaka 2008, gharama za mpango zikapaa nazo. Mpango wa namna hii unahitaji ukomo wa matumizi ulioandikwa mapema.

Bei ya chini inayotangazwa na serikali nayo ina mtego. Ikitangazwa wiki kadhaa baada ya mavuno, au wakala wa serikali anayenunua mazao akichelewa kulipa, mwenye shida ameshamuuzia dalali. Bei nzuri inamkuta mwenye ghala. Kuzuia mazao yasivuke mpaka humwokoa mlaji wa mjini kwa muda, lakini bei shambani huanguka na magendo hushamiri.

Kuhusu bajeti: mwaka 2003 huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya matumizi ya serikali kwa kilimo, wakarudia ahadi hiyo Malabo mwaka 2014. Asilimia hiyo haikuambii kama fedha zimekwenda kwenye utafiti wa mbegu, barabara za vijijini na maafisa ugani, au zimemezwa na ruzuku na posho. Omba jedwali la fedha zilizotolewa, mwezi kwa mwezi, si zilizotengwa peke yake, kisha ulilinganishe na tarehe za kupanda. Fedha za mbegu zilizotoka hazina baada ya mvua za kupandia kupita zihesabu kama hazikutolewa msimu huo.