Mti hauna Januari

Kila mwaka mvua zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Ndugu ana ekari tatu huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, Mufindi, Njombe au Kilolo, ameona malori ya nguzo na mbao yanavyopishana barabarani, kaambiwa paina, miti ya mbao, ni "benki", anataka kujua miche anunue wapi. Mimi humuuliza: Januari mtakula nini? Wengine hudhani nawatania.

Sitanii. Kwetu Mufindi, nilipokuwa mdogo, mlima ulikuwa wa mahindi na bonde lilikuwa la vinyungu. Kwa msiotoka huku: kinyungu ni shamba la bondeni, matuta yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, mvua ikiwa haipo kabisa. Unapanda Julai au Agosti, na wakati mlimani ndiyo kwanza mahindi yanachomoza, bondeni wewe unavunja mabichi. Mama yangu alikuwa anayapakia kwenye kiroba, anapanda nayo hadi lami, anauza kwa abiria wa mabasi. Pesa hiyo ndiyo iliyoninunulia madaftari kila Januari. Sikuwahi kuijumlisha. Ilikuwa inakuja vipande vipande, elfu mbili leo, elfu tatu kesho, na pesa ya namna hiyo mtu huidharau.

Mwaka 2010 nilikuwa na kibanda cha vipuri vya pikipiki Mafinga, na maneno mengi kuliko mtaji. Watu wa mjini walikuwa wananunua mashamba kama njugu. Baba mdogo aliuza ekari kumi kwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, akaezeka bati na kununua pikipiki. Mimi nikajiona mjanja kuliko yeye: sisi hatuuzi, sisi tunapanda wenyewe. Nilimkalisha mama nikampigia hesabu kwenye kikokotoo cha simu. Miti kadhaa, mara bei ya mti, baada ya miaka kumi. Namba ilitoka ndefu, mama akacheka akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Tukapanda mlima wote paina. Halafu, na hapa ndipo ninapojilaumu hadi leo, nikashuka na bondeni. Niliweka milingoti, yaani mikaratusi, kwenye kinyungu kwa sababu ilikuwa inakua haraka mno pale kwenye unyevu. Bila shaka inakua haraka, inakunywa. Mwaka wa nne kile kidimbwi tulichokuwa tunachotea maji ya kumwagilia kikawa tope, wa tano kikawa nyasi. Na jirani wa chini yetu, ambaye hakupanda mti hata mmoja, matuta yake yalikauka pamoja na yetu. Hakunisemesha kwa muda mrefu.

Januari ya kwanza isiyo na mahindi mabichi niliituma mimi pesa kutoka Mafinga. Ya pili pia. Ya tatu kibanda kilikuwa kimeyumba, na mama akaanza kununua mahindi kwa debe, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa anauza. Vibarua navyo vilikuwa vimekata. Hili watu hawaambiwi. Mwaka ule mwenye shamba la miti anapopanda, kijiji kizima kinapata kazi: kuchimba mashimo, kubeba miche, kupalilia. Miti ikishafunga kivuli, palizi inakwisha, na shamba la ekari mia linabaki na mlinzi mmoja na mbwa wake. Baba mdogo alilipwa kibarua kuchimba mashimo kwenye ardhi aliyoiuza. Baada ya miaka mitatu hata hicho kibarua hakikuwepo.

Paina ya mbao nzuri inataka miaka 18 hadi 25. Sisi tuliuza ikiwa na miaka saba. Ilikuwa 2017, mdogo wangu amepata chuo, ada haina subira. Mnunuzi alikuja na kamba. Alikuwa anaizungushia kila shina usawa wa kifua, anatikisa kichwa, anapiga chokaa mti mmoja na kuruka mitatu. Mama alimfuata nyuma akihesabu kwa midomo. "Vijiti hivi, mama. Nakusaidia tu." Alilipa elfu tatu na mia tano kwa mti, akaleta dingdong yake, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa shamba hadi shamba, na siku chache baadaye akaondoka na iliyonyooka. Iliyopinda akatuachia.

Kwa hiyo ukiniuliza leo nipande au nisipande, sitakwambia usipande. Chukua karatasi uandike miezi kumi na miwili, halafu mbele ya kila mwezi andika ardhi yako inakupa nini. Usiandike pesa peke yake. Andika mboga, kuni, nyasi za mbuzi, kibarua kwa jirani, mahindi ya kuchoma. Kaa na mama au mkeo mkiandika, maana wao ndio wanaojua Februari ilipitaje. Kisha futa vyote ambavyo mti utaviondoa, utazame miezi iliyobaki mitupu. Kama huna cha kuijaza kwa miaka kumi, hilo shamba utaliuza changa kama sisi.

Bonde usiliguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na najua vinyungu navyo viliwahi kufukuzwa kwa kifungu hichohicho, jambo ambalo wazee wetu hawajalisamehe. Lakini kati ya tuta la maharage na mlingoti, mwenye kiu zaidi anajulikana.

Mlimani panda sehemu, theluthi labda. Acha mita 3 kwa 3, miche kama 450 kwa ekari, na miaka miwili ya mwanzo lima maharage katikati, yatakulipa palizi. Kata mkanda wa kuzuia moto kabla ya Septemba. Paina ikiungua imekwenda, haichipui tena.

Akija mtu wa mjini, mkodishie. Usimuuzie. Miaka iandikwe, na makubaliano yapitie halmashauri ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka, siyo kwenye pombe ya ulanzi nyumbani kwa mtu. Na kabla hajaja, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, iwe na jina lako na la mwenzi wako. Nimeona wanawake waliojua shamba limeuzwa siku walipokuta mashimo ya miche.

Sasa hivi wimbo ni parachichi. Tuna nusu ekari, yanazaa, lakini nasikia sentensi zilezile nilizomwambia mama 2010, na kikokotoo kilekile.

Milingoti tuliing'oa. Nasema tuliing'oa, ukweli tuliikata, ikachipua, tukakata tena, kwa misimu mitatu, hadi visiki vikachoka. Msimu wa pili baadaye udongo ulianza kushika mkononi, na kidimbwi kimerudi nusu yake. Mama ana matuta ishirini na kitu. Agosti iliyopita baba mdogo alikuja asubuhi, akakaa kwenye gogo, akazungumzia hali ya hewa mpaka chai ikaisha. Mama akampa matuta sita.