Kabla ya kuniuliza React, bonyeza Tab

Juzi kijana mmoja kaniandikia kuhusu React, ile zana ya kutengenezea kurasa za wavuti: "Kaka, nimemaliza React. Nisome nini tena nipate wateja wa nje kama wewe?" Nimekaa na ujumbe wake siku tatu, maana jibu lenyewe linaniuma hadi leo.

Mwaka 2017 nilijiona fundi hasa. Tukaitwa kwenye ofisi moja Dar es Salaam kuonyesha mfumo wa malipo tulioukeshea miezi minne. Kumbe mhasibu wao haoni. Akafungua kompyuta yake, akapachika spika ya sikioni upande mmoja, akawasha NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Akabonyeza Tab, kile kibonyezo cha kibodi cha kurukia sehemu inayofuata. "Edit." Tab. "Edit." Tab. "Edit." Visanduku vyote vya kujazia havikuwa na majina.

"Kaka, kitufe cha kulipa kiko wapi?"

"Hicho cha kijani, chini kulia."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikatamani sakafu inimeze. Bosi wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kazi tuliikosa. Aliyoniambia bosi kwenye gari siyaandiki. Nikasoma, nikakosea, nikasoma tena. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ufikivu, yaani wenye ulemavu nao waweze kutumia huduma za mtandaoni, ilipoanza kutumika Juni 2025, walionitafuta kutoka Ujerumani walikuja kwa jambo lilelile lililonitoa jasho. Najidai kidogo, mnisamehe.

Basi sikilizeni. Kitufe kiwe <button>, siyo <div>, kasha tupu la ukurasa, iliyopakwa rangi, maana Tab huiruka. Kila kisanduku kiwe na <label>, yaani jina lake. Ukurasa wa Kiswahili uandikwe lang="sw", maana templeti nyingi huja na "en", na Kiswahili chako kitasomwa kwa matamshi ya Kizungu, mtu haambulii neno. Tena hayo maandishi ya kijivu mnayoyapenda: rangi #999 juu ya nyeupe ni uwiano wa utofauti wa 2.85 tu, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Jaribu kuyasoma kwenye simu saa saba mchana pale Ubungo, wewe mwenye macho yako mazima. Acheni kujitengenezea vitufe wenyewe, jamani! Kitufe kiwe kitufe.

Na wewe kijana, tovuti yako uliyonitumia nimeifungua. Nimebonyeza Tab mara kumi na moja na sijui nimefika wapi, kwa kuwa umeandika outline: none, amri inayoficha mstari wa kuonyesha Tab imefika wapi. Ifute hiyo, halafu nitumie tena.