Kadi ya njano ya mama ishapita miaka kumi, achomwe tena?

SWALI: Shikamoo bi nesi. Mamangu ana miaka 66, tuko Malindi, ana sukari lakini dawa anameza vizuri, na inshallah mwaka huu wanaenda Hija yeye na babangu mwenye miaka 71. Mama ana kadi ya njano ya 2012 alipoenda Oman kwa dadangu, sasa ajenti anasema miaka kumi imepita lazima achomwe tena. Baba hajawahi kuchanjwa homa ya manjano hata mara moja. Halafu mama anasema chanjo ni za watoto, yeye hataki kudungwadungwa uzeeni. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu awakubalie safari yao.

Kadi ya mama bado nzima. Zamani ilikuwa miaka kumi kweli, lakini tangu Julai 2016 sheria ya kimataifa ya afya ilibadilishwa, chanjo moja ya homa ya manjano inatosha maisha yote na kadi za zamani nazo zinahesabika, hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono imeshapita. Asichomwe tena kwa sababu ya ajenti. Muhimu kadi isipotee na jina lifanane na la pasipoti.

Kwa baba ndio nataka mtulie. Saudia inadai hiyo kadi kwa wanaotoka Kenya, ni kweli, lakini chanjo yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu wa miaka 60 kwenda juu anayechomwa kwa mara ya kwanza ana hatari kubwa kidogo ya kupata madhara makali kuliko kijana, ni nadra lakini yapo, kwa hiyo asiende tu kupanga foleni na kutoa mkono. Aonane na daktari kwanza, aseme dawa zote anazotumia na kama ana ugonjwa au dawa inayoshusha kinga. Daktari akiona haimfai ataandika cheti cha kusamehewa. Akiona inafaa, achomwe mapema, maana kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku 10.

Wote wawili lazima wachanjwe uti wa mgongo, ile ya aina nne, A, C, W na Y, angalau siku 10 kabla ya kufika. Hili halikuzuka hivi hivi, Hija ya 2000 na ya 2001 mahujaji waliugua uti wa mgongo wa aina ya W wakarudi nao makwao na watu wa nyumbani ambao hata hawakusafiri wakaambukizwa. Mwambieni anayechoma aandike kwenye kadi aina ya chanjo, iko inayokubalika miaka 5 na iko ya miaka 3, isipoandikwa inahesabiwa miaka 3.

Sasa mama na maneno yake ya watoto. Mwambie kwa upole kwamba kinga ya mwili inachoka na umri, na sukari inaichosha zaidi, ndio maana mafua ambayo wewe unayamaliza kwa siku tatu yeye yanaweza kumshukia kifuani yakawa nimonia. Kwa hiyo sindano ya mafua kila mwaka, ichomwe kama wiki mbili kabla ya safari ili mwili uwahi kujijenga, na ya nimonia pia, hii si ya kila mwaka. Mafua na uti wa mgongo zinaweza kuchomwa siku moja, kila mkono na yake, kwa hiyo hizo safari za kudungwa si nyingi kama anavyoogopa.

Kuna mkanda wa jeshi pia, ule upele wa upande mmoja unaounguza, maumivu yake kwa wazee hubaki miezi hata upele ukishakauka. Chanjo yake ni dozi mbili, ya pili baada ya miezi 2 hadi 6, kwa hiyo hiyo isubiri wakirudi, ulizieni hospitali za kulipia.

Na pepopunda, hapa namfikiria baba zaidi. Mama alichomwa kliniki alipokuwa na mimba zenu, lakini wanaume wa rika lake wengi hawajachomwa tangu utoto au hawajachomwa kabisa, na bado wanalima na kukanyaga misumari. Siku ile ile anapomuona daktari wa homa ya manjano amuulize na hii.